Ruzuku ya kaya maskini: ni haki ya kisheria au hisani ya Serikali?

Mkazi wa Lindi
Wanajukwaa, ninaomba ufafanuzi kwa wenye kuzijua sheria. Mama yangu mkubwa, mjane anayelea wajukuu wawili, alikuwa mlengwa wa mpango wa kunusuru kaya maskini. Siku ya malipo alikaa kwenye foleni katika ofisi ya kijiji, kitambulisho mkononi, hadi alipoambiwa kwa maneno matatu tu: "Jina lako halijarudi." Hakupewa barua wala sababu ya kuondolewa kwenye orodha. Ibara ya 11 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inataja haki ya kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Je, anaweza kuidai mahakamani?

Msaidizi wa Kisheria
Pole sana, ndugu. Kwa ibara hiyo peke yake, hawezi. Imo katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na ibara ya 7(2) inazuia mahakama yoyote kuyatilia nguvu ya kisheria masharti ya sehemu hiyo. Mpango wenyewe unaendeshwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Serikali, na kwa kiasi kikubwa umetegemea fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Utaratibu wa malalamiko upo, lakini umo katika miongozo, na mwongozo unaweza kubadilishwa ofisini bila Bunge kuulizwa.

Ninachokiona kuwa na uzito zaidi ni ibara ya 13(6)(a), iliyo katika Sehemu ya Tatu, nje ya zuio hilo, ambayo inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote. Serikali itajibu kwamba ruzuku si haki, na kwa kuwa hakuna sheria ya Bunge inayoitamka hivyo, hoja hiyo itakuwa na nguvu. Isitoshe, tangu marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, mlalamikaji anatakiwa aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi, kwa hiyo asasi haiwezi tena kumsemea kwa urahisi kama zamani. Kumtaka bibi asiye na nauli asimame mwenyewe Mahakama Kuu ni kumnyima haki kwa njia ya mzunguko.

Mwanasheria wa Mombasa
Kwetu Kenya, ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inaitaja hifadhi ya jamii kuwa haki inayodaiwa mahakamani, na ibara ya 20(5) inaitwika Serikali mzigo wa kuthibitisha kwamba haina rasilimali, pale inapotoa kisingizio hicho. Hata hivyo wazee wa Inua Jamii, mpango wetu wa ruzuku, bado husubiri miezi kadhaa kupata shilingi 2,000 zao za kila mwezi. Katiba nzuri isiyofuatwa na bajeti inayolindwa kisheria humwacha mzee palepale.

Mwana wa Unguja
Zanzibar ilianza pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha za Serikali yenyewe. Kigezo kikiwa umri, hapana kamati ya kuamua nani maskini zaidi, wala jina la "kutorudi". Baadaye ikaja Sheria ya Masuala ya Wazee ya 2020. Bara mmekuwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, lakini sera haimpi mtu pa kushtakia.

Msaidizi wa Kisheria
Ndugu wa Lindi, kwa sasa mama aandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mratibu wa TASAF, akiomba sababu ya kuondolewa kwa maandishi, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Mbunge wenu naye aombwe kupeleka muswada wenye mambo mawili: kwamba hakuna mlengwa atakayeondolewa kabla ya kupewa taarifa na kusikilizwa, na kwamba malipo yake yataendelea hadi rufaa itakapoamuliwa.