King'ora kimelia usiku, sikujua niende wapi na watoto

Mama Watatu

Habari zenu ndugu zangu. Nimefika hapa Bowling Green, Kentucky, mwezi wa nane mwaka jana kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Jana usiku simu ililia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, maandishi Kiingereza kitupu, na king'ora kikaitikia huko nje. Binti yangu wa darasa la tano ndiye aliyenisomea: tornado. Mimi ninachokijua ni kisulisuli. Kambini kilipita mchana wa kiangazi, kikazungusha vumbi, kikang'oa kanga kwenye kamba, tukacheka. Basi nikafungua mlango wa baraza nitazame. Jirani wa chini akanipungia mikono kwa nguvu, niingie ndani. Hakikuja kitu, mvua ya mawe tu, lakini sikulala.

Tunakaa ghorofa ya pili, nina watoto watatu na mama mkwe mwenye magoti mabovu. Nitajuaje kwamba sasa ni hatari kweli? Na nikijua, niwapeleke wapi?

Mtoto wa Baraka

Pole sana dada. Huo mlango usiufungue tena.

Kisulisuli cha kambini huanzia chini, kwenye udongo uliochomwa na jua. Hiki cha huku hushuka kutoka kwenye wingu la radi, na usiku kinakuja, Desemba kinakuja. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021 nilikuwa hapa hapa. Saa 7 na ushee usiku kilipita mjini, upande wa Creekwood na Russellville Road. Wataalamu walipokagua uharibifu walikipa daraja la EF3 (kipimo cha nguvu za tornado, huanzia EF0 hadi EF5), upepo wa kama kilomita 265 kwa saa. Wilaya yetu ya Warren ilipoteza watu zaidi ya 15, wakiwamo watoto wadogo na familia za wahamiaji kama sisi.

Mimi simu nilikuwa nimeizima sauti kwa sababu nilikuwa na zamu ya alfajiri. Kilichoniamsha ni masikio kuziba, kama unapoteremka mlima kwenye gari, kisha ngurumo. Radi hunguruma ikanyamaza, ile haikunyamaza. Nilimnyakua mtoto, mke wangu akavuta godoro, tukajibana bafuni. Jengo la pili kutoka letu liliezuliwa paa. Asubuhi nikakuta bati limejiviringisha kwenye mti kama shuka. Tangu siku hiyo simu yangu haizimwi.

Simu ikiandika Tornado Watch, mawingu yana uwezo wa kukizaa: weka viatu karibu, chaji simu, usiwaache watoto wakatawanyika. Ikiandika Tornado Warning, rada imekiona au mtu amekiona kwa macho. Hapo una dakika chache, usimpigie mtu kumuuliza. King'ora kimewekwa kwa ajili ya walio nje, hivyo ukiwa umelala na feni inavuma usikitegemee. Tafuta redio ya hali ya hewa yenye betri. Inalia yenyewe hata usiku wa manane, na ukiiwekea namba ya wilaya yetu haitakusumbua kwa mambo ya wilaya za mbali.

Ghorofa ya pili usikae. Shukeni kwa huyo jirani, chumba cha katikati kisicho na dirisha: choo, kabati la nguo, korido. Vichwa vifunikwe, hata kwa kofia ya baiskeli. Na kila mtoto avae viatu, maana baada ya upepo sakafu ni vioo na misumari. Bibi ashushwe mapema, wakati wa Watch.

Dereva wa Usiku

Mama, niongeze mawili. Ukikutwa barabarani usijifiche chini ya daraja, upepo hubanwa pale ukaongezeka nguvu. La pili, dhoruba hizi nyingi hutoka magharibi au kusini-magharibi. Usiku ule wa 2021 kingine kilipiga mji wa Mayfield, magharibi mwa Kentucky, na kilitembea zaidi ya kilomita 260 kabla ya kufa. Nina rafiki huko Hopkinsville, magharibi yetu. Mawingu yakichafuka kwake ananipigia, nami nawapigia wazee sita wa kanisani ambao hawasomi Kiingereza, nawaambia kwa Kiswahili: shukeni. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa siri nikuongeze.

Mama Watatu

Mungu awabariki. Namba nimetuma, kaka. Leo jioni nimeshuka na binti yangu akanitafsiria kwa yule jirani, mama mmoja wa Bosnia. Hakungoja nimalize, alinishika mkono akanionyesha choo chake. Tumepima: tunaenea sote na mumewe, bibi akikaa juu ya kiti. Ngazi ni kumi na nne, bibi amezishuka kwa dakika tatu. Kesho tunajaribu tena usiku, taa zikiwa zimezimwa.