King Kapisi na dada yake Sima: mtu anayejifunza kuongoza video aanzie wapi?

Mtega_Kamera

Wakuu, habari za humu. Najifunza kuongoza video za muziki. Rafiki yangu kanitumia video ya zamani ya Msamoa anayeitwa King Kapisi, wimbo "Sub-Cranium Feeling". Jamaa anachana mistari akiwa chini ya maji! Nimeirudia mpaka betri ya simu ikaisha. Nina maswali mawili: huyu mtu ni nani, na kazi zake nyingine zinafaa kufuatiliwa? La pili, wanafanyaje mpaka midomo iendane na wimbo ndani ya maji? Mwenye kujua anisaidie.

Dada_Mhariri

Mdogo wangu, umeingia kwa mlango mzuri, ila nakuomba usimsome yeye peke yake. Jina lake la nyumbani ni Bill Urale, Msamoa wa Wellington, New Zealand. Video uliyoiona imeongozwa na Sima Urale, dada yake wa damu. Huyo dada ndiye hasa ninayetaka umjue.

Sima alizaliwa Savai'i, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Samoa, akakulia Wellington. Alisomea uigizaji kwanza, kisha akaenda Melbourne kusomea filamu. Mwaka 1996 filamu yake fupi "O Tamaiti" ilichukua tuzo ya Silver Lion kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia. Itafute leo hii. Ni nyeusi na nyeupe, maneno yake machache, na inamhusu mtoto wa kiume anayewalea wadogo zake wakati wazazi wamezidiwa na kazi. Kamera imeshushwa mpaka kimo cha mtoto, kwa hiyo watu wazima wengi unawaona kuanzia kiunoni kwenda chini. Mikono, sketi, viatu. Sura zao ziko juu huko, nje ya fremu, kama dunia isiyomhusu mtoto. Mimi nahariri video kwa kazi, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwonyesha filamu hiyo sauti ikiwa imezimwa, kisha namuuliza ameelewa nini. Wote wanaelewa.

Sasa rudi kwenye video ya majini ukiwa umeshaiona "O Tamaiti". Utaona ni mkono uleule. Wakati ule video nyingi za hip hop zilikuwa magari, minyororo na kundi la washikaji nyuma ya msanii. Sima akamtoa mdogo wake barabarani, akamtia majini, akamwacha na uso wake na mistari yake. Kwa watu wa visiwa vya Pasifiki, bahari ndiyo njia waliyopitia mababu na ndiyo njia waliyopitia wazazi kuja kutafuta kazi viwandani New Zealand. Hayo ni maoni yangu, lakini nayashikilia.

Jambo jingine. Katika mila za Kisamoa kuna agano kati ya kaka na dada, linaitwa feagaiga. Kaka anamheshimu dada yake na kumlinda, na neno la dada lina uzito nyumbani. Ndiyo maana kumwona rapa akishuka majini kwa maelekezo ya dada yake kunanigusa sana. Na dada yao mwingine, Makerita, ni mwandishi wa tamthilia ("Frangipani Perfume" ni yake) na mtengenezaji wa filamu za hali halisi. Nyumba moja hiyo.

Kapisi mwenyewe, kwa kifupi: mwaka 1999 alishinda Silver Scroll kwa wimbo "Reverse Resistance". Hiyo ni tuzo ya utunzi inayotolewa tangu 1965 na APRA, chama cha haki za watunzi wa muziki, na hakuna msanii wa hip hop aliyewahi kuipata kabla yake. Albamu ya kwanza "Savage Thoughts" ilitoka 2000, ikafuata "2nd Round Testament" mwaka 2003.

Mzamiaji

Nijibu la midomo. Sijui kikosi cha Sima kilifanyaje siku ile, ila kazi za namna hii hufanywa hivi. Hakuna sauti inayorekodiwa majini. Wimbo unapigwa kwa spika maalumu inayozama, msanii anaufuatisha. Anavuta pumzi, anashuka, anachana mistari michache, anapanda. Mzamiaji wa usalama anakaa karibu, nje ya fremu, na mtungi wa hewa. Hiyo si hiari, usije ukajaribu bila mtu huyo.

Tatizo kubwa ni mapovu. Ukitamka kama kawaida unatoa hewa, na mapovu yanafunika uso. Msanii anafanya mazoezi nchi kavu ya kutamka bila kutoa pumzi. Ukitaka mwendo wa polepole huku midomo ikibaki kwenye wimbo, piga fremu 48 kwa sekunde na wimbo uchezwe kwa kasi mara mbili. Ukirudisha kwenye fremu 24, nguo zinaelea taratibu lakini maneno yanakaa sawa. Nguo nazo hupanda juu, kwa hiyo shonea vyuma vidogo kwenye pindo. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea kina kikiongezeka, basi leta taa karibu na uso.

Mistari_Mikali

Dada, kwa heshima zote, mimi namweka mbele Tha Feelstyle, rapa mwingine Msamoa wa New Zealand. Albamu yake "Break It to Pieces" ya 2004 imechanwa kwa sehemu kubwa kwa Kisamoa. Sikiliza jinsi sauti za lugha ile zinavyopanda juu ya biti, huhitaji tafsiri. Kapisi anachana zaidi kwa Kiingereza. Kwangu aliyebeba lugha ndiye aliyebeba nchi.

Dada_Mhariri

Kaka, Tha Feelstyle simgusi, albamu ile naipenda sana. Ila hilo la mwisho nalikataa. Fikiria Kapisi alikuwa akizungumza na nani. Miaka ya sabini, uchumi ulipoyumba, polisi wa New Zealand walikuwa wakivamia nyumba za watu wa visiwa alfajiri kutafuta waliopitiliza muda wa viza. Uchunguzi wa katikati ya miaka ya themanini ulionyesha kwamba watu wa visiwa walikuwa kama theluthi tu ya waliopitiliza, lakini walikuwa asilimia 86 ya walioshtakiwa. Watoto wa nyumba zile ndio waliokuja kuwa hip hop ya Samoa kule. Kapisi alianzisha nguo zake akaziita Overstayer, yaani aliyepitiliza muda wa viza, tusi lile lile walilotupiwa wazazi, watu wakalivaa kifuani wakitembea mjini. Lebo ya Dawn Raid ya Auckland Kusini, iliyoanzishwa 1999, nayo ilijipa jina kutokana na misako ile ya alfajiri. Serikali ilikuja kuomba radhi rasmi tarehe 1 Agosti 2021, na Waziri Mkuu Jacinda Ardern akafunikwa mkeka kwa desturi ya Kisamoa ya kuomba msamaha, ifoga. Wasanii walikuwa wameshayasema hayo zaidi ya miaka ishirini kabla. Kuwaambia waliokuvamia kwa lugha wanayoielewa, hilo nalo ni kubeba nchi.

Mistari_Mikali

Hapo kwenye nguo umenipata. Sikuwa nimeiunganisha na misako. Lugha bado naitetea.

Mtega_Kamera

Asanteni sana. Dada, nashukuru mno. Swali la mwisho: kazi kama ile si lazima uwe na hela nyingi? Mimi nina kamera moja ya kuazima.

Dada_Mhariri

Miaka ile shirika la NZ On Air lilikuwa likitoa ruzuku ya dola 5,000 za New Zealand kwa video moja. Kwa kushuti filamu halisi na kulipa kikosi, hiyo hela ilikuwa inaisha haraka sana. Ndiyo maana ukitazama video za kipindi hicho unaona wazo moja lililokamatwa vizuri badala ya mandhari kumi. Sehemu moja, mtu mmoja, uamuzi mmoja kuhusu kamera ikae wapi. Hilo kamera ya kuazima inaliweza.

Mtandao wa NZ On Screen una video nyingi za muziki na filamu fupi za New Zealand, kutazama ni bure. Anza na "O Tamaiti", halafu "Sub-Cranium Feeling", halafu video nyingine za Kapisi. Ukifika kwenye "Apron Strings", filamu ndefu ya Sima ya 2008, angalia anavyowapiga picha akina mama wakiwa jikoni. Kisha andika hapa hapa ni kwenye shuti gani ungeihamisha kamera na kwa nini, nitakujibu.