Mrejesho: ethi ya antena ya nje, Makorora (Tanga)

Habari wakuu. Mwezi uliopita niliuliza kama bomba la antena juu ya bati linahitaji ethi (njia ya waya ya kupeleka umeme wa radi ardhini), maana masika imebisha hodi. Mlisema ndiyo.

Jumamosi fundi alikuja. Bomba nilikuwa nimelifunga kwa waya wa kufungia nondo (msinicheke), nao ukawa kutu tupu. Chumvi ya bahari haina huruma. Sasa limekaa ukutani kwa klempu mbili, na waya wa shaba wa milimita 16 za mraba umeshuka nje ya nyumba bila kona kali mpaka ardhini.

Ubishi ulikuwa kwenye nondo ya ethi, ile inayopigiliwa ardhini. Fundi alitaka ya antena ijitegemee. Nikamgomea: lazima iungwe na ethi ya nyumba, la sivyo radi ikipiga jirani volti za ethi hizo mbili zinatofautiana na tofauti hiyo inapita kwenye TV. Akanung'unika, akaunga. Ganda la kebo ya antena (wavu wa waya ulio chini ya plastiki) nalo limeungwa kwenye ethi kabla halijaingia ndani.

Radi ikianza kunguruma bado nachomoa kila kitu. Ila klempu ya shaba imeshaanza ukijani. Mnapaka grisi au?