Naomba ushauri: mboji ya matumbo ya migebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) inanuka

Habari za leo wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Ujiji, Kigoma. Na wanafunzi wa kidato cha pili tumelundika matumbo ya migebuka kutoka mwaloni Kibirizi, maganda ya ndizi na makapi ya chikichi. Wiki ya kwanza lundo lilipata moto, kijiti ukikichomoa hukishiki. Sasa limepoa, linatoa gesi ya amonia hadi macho yanawasha, na majirani wameanza kununa (wana haki). Tumeligeuza mara 3, tukaongeza maranda kidogo, wapi! Naitrojeni tunayoitafuta kwa ajili ya mimea ndiyo hiyo inapaa na amonia.

Naombeni msaada: ndoo 1 ya matumbo inataka ndoo ngapi za vitu vikavu? Na majivu ya mikungu ya michikichi niweke sasa, au yatazidisha amonia?