Wanafunzi 45 kutoka Moshi, makumbusho ya Arusha kwa siku moja: tuanze wapi?

Mwl_Kibosho:
Wakuu, habari za kazi. Nina kidato cha nne, wanafunzi 45 na walimu watatu, tunatoka Moshi kwa basi moja na kurudi siku hiyohiyo. Nataka waone Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma la Mjerumani, Makumbusho ya Azimio la Arusha, na muda ukibaki tupite Cultural Heritage, jumba la sanaa, waone vinyago na picha za Tingatinga. Tuanze wapi, na kila mahali tukae muda gani? Mkuu wa shule anataka ratiba ya saa kwa saa kabla hajasaini.

Mzee wa Kaloleni:
Mwalimu, anza na Azimio. Najua mtu wa historia anapenda kufuata miaka, zinjanthropo (kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu) kwanza, Nyerere baadaye. Kwenye karatasi inapendeza, ila Azimio ni picha na maandishi, ni mahali pa kusoma. Ukiwapeleka saa 8 mchana wametoka kula wali, nusu watasinzia ukutani. Boma lina mafuvu na wanyama, linaamsha hata aliyeshiba.

Tokeni Moshi saa 12 asubuhi. Ni kilomita 80 hivi, lakini Usa River na Tengeru mnatambaa kwa 50, kwa hiyo hesabu saa mbili. Basi lisisimame kwenye mzunguko wa Mnara wa Mwenge, karibu na makumbusho hayo, trafiki hawana mchezo. Dereva ashushe watoto pembeni, akaegeshe kwingine. Saa 3 muwe ndani, saa 4 na nusu mtoke.

Waambie kabisa kwamba jengo lenyewe ni sehemu ya somo. Lilikuwa ukumbi wa jamii, na Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha enzi hizo, ilikutana hapa Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967. Azimio, yaani tamko la ujamaa na kujitegemea, likatangazwa tarehe 5 Februari. Watoto huchanganya tarehe hizi mbili kila mwaka. Wape kazi moja tu: waorodheshe miiko ya uongozi (hisa, ukurugenzi wa kampuni ya kibepari, mishahara miwili, nyumba za kupangisha), kisha mbele ya kila mwiko waandike ulikuwa unazuia nini. Ukiwaambia "andikeni mlichokiona", watanakili maelezo ya ukutani neno kwa neno na hawatainua macho.

Dada_Sakina:
Naunga mkono mpangilio wa Mzee, ila Boma usiwaingize wote 45 kwa pamoja. Lina mabawa matatu: chimbuko la binadamu, historia ya boma lenyewe na ukoloni wa Mjerumani, na wanyama. Makundi matatu ya 15, mwalimu mmoja kila kundi, dakika 25 kisha mnabadilishana. Wakiingia kama msafara, walio mbele wanaziba kabati la kioo, wa nyuma wanaanza kupigana picha, na mwelekezaji anapaza sauti mpaka inakauka.

Mambo mawili wajue kabla ya kufika. Fuvu la zinjanthropo watakaloliona ni nakala. Lile halisi, alilolipata Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959, liko Dar es Salaam. Usipowaambia, mmoja atauliza "kwa hiyo hili ni feki?" na kundi zima litaacha kusikiliza. Nakala si feki: imetolewa kwenye kalibu ya kitu halisi, vipimo ni vilevile.

La pili ni nyayo za Laetoli, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Swali watakalouliza ni kwa nini mvua haikuzifuta. Jibu: majivu ya volkano yalilowa, viumbe wakapita, majivu yakaganda kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika. Njia maarufu iliyofukuliwa ni ya mita 27 hivi. Kabla ya safari pimeni mita 27 kwa kamba uwanjani, wanafunzi wawili watembee sambamba. Nakala wataiangalia kwa jicho jingine.

Bawa la ukoloni msilipite haraka. Boma lilijengwa kuanzia 1899 kwa nguvu za Waarusha na Wameru walioshurutishwa. Na kwa kuwa mnatoka Moshi, unganisha na Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Ni miaka ileile, utawala uleule.

Malipo: ombeni namba ya kumbukumbu ya malipo siku moja kabla, mkiwa na barua ya shule yenye idadi kamili. Mtandao ukikatika asubuhi ile, watoto 45 watasimama juani. Mabegi yabaki kwenye basi, na waandike kwa penseli.

Mwl_Kibosho:
Asanteni sana. Na Cultural Heritage je? Wapo wanaotaka kununua kinyago kidogo.

Fundi Mpingo:
Mwalimu, iache. Iko magharibi, barabara ya Dodoma, na nyinyi mnarudi mashariki. Mtakata mji mara mbili, mtaingia Moshi usiku. Ipangie siku yake, kwa sababu pale huwezi kuangalia kwa nusu saa.

Atakayenunua kinyago popote, ageuze kitako. Mpingo halisi ni mzito, ukiutia majini unazama, na mara nyingi pembeni utaona mstari wa njano hafifu, ule ni ubao wa nje wa mti. Kitu cheusi tii kote, chepesi, kisugue kwa kitambaa cheupe chenye maji: kitambaa kikitoka cheusi ni kiwi ya viatu. Angalia pia nyufa nyembamba kwenye ncha. Mti uliochongwa ukiwa mbichi huendelea kupasuka miezi kadhaa ukiwa kabatini.

Tingatinga ni tofauti. Edward Tingatinga alianza Dar mwaka 1968 kwa rangi ya kung'aa ya mafuta juu ya ubao wa masonaiti. Siku hizi nyingi ni za turubai, na rangi ile hukauka taratibu. Ukiikunja, upande wa picha uwe nje, katikati weka karatasi ya nailoni, usibane na mpira. Ukiikunja picha ikiwa ndani, rangi hushikana, na ukiifungua twiga anabaki nusu.