Tupeane uzoefu: wiki zenu za kwanza masomoni ughaibuni zilikuwaje?

Mtu wa Mwanga
Ndugu zangu wa Kigoma na Tabora, jana tulimsindikiza binti wa kaka yangu stesheni, akielekea Dar es Salaam na kisha Hamburg, Ujerumani, kwa shahada ya uzamili. Maswali yake yalinikumbusha kwamba mwaka wangu wa kwanza kule masomo hayakunitesa kama mambo madogo ambayo hakuna aliyenidokezea. Kubwa lilikuwa giza. Kwetu Kigoma jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, wala mtu halifikirii. Hamburg mwezi Desemba huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi, hivyo niliingia maabara gizani na kutoka gizani, hadi usingizi ukanihama. Naomba mliopita ugenini mwandike mliyoyakuta, ili anayeondoka aondoke akijua.

Binti Isevya
Mimi nilisoma Pune, India, na giza hilo sikulijua. Kilichonishangaza ni hosteli yetu ya wasichana kufungwa geti saa nne usiku, hata kama maktaba bado iko wazi.

Mvuvi wa Kibirizi
Binti na abebe dagaa wetu waliokaushwa vizuri. Kanuni za Umoja wa Ulaya humruhusu msafiri kuingia na samaki hadi kilo 20 na asali hadi kilo 2 kwa matumizi yake mwenyewe, ilhali nyama na maziwa kutoka kwetu ni marufuku. Watu wa Tabora nao wasiache asali yao nyumbani.

Mnyamwezi wa Cheyo
Asali sawa, lakini dagaa watamtia mtoto wa watu matatani. Jiko la hosteli ni la watu wengi, na harufu ya dagaa wa kukaanga haitoki upesi. Mimi nilibandikiwa karatasi mlangoni.

Mvuvi wa Kibirizi
Aliyeibandika ungemkaribisha mle pamoja. Wenyeji wana jibini zinazonuka kuliko dagaa, na hakuna anayewaambia wazifiche. Kwa nini sisi ndio tule kwa kujificha?

Mnyamwezi wa Cheyo
Sikusema ajifiche, ndugu yangu. Nasema awachemshe na nyanya badala ya kuwakaanga, na afungue dirisha.

Mtoto wa Ujiji
Mmetaja dirisha, nami nimekumbuka usiku ambao sitausahau. Milango ya nyumba nyingi za Ujerumani haina kitasa cha kuzungusha kwa nje; ukijifunga, umefungwa, hata kama hakuna aliyegeuza ufunguo. Nilikuwa mgeni wa wiki chache, usiku wa Jumapili mwezi Januari, nikatoka kutupa taka nikiwa na fulana, kaptula na kandambili. Upepo wa dirishani ukaubamiza mlango nyuma yangu, na simu, koti na ufunguo vyote vikabaki ndani. Taa za ngazi za jengo lile huzimika zenyewe baada ya muda mfupi, kwa hiyo kila zilipozimika nilipapasa ukuta kutafuta kitufe chenye kijitaa chekundu, nikawasha, nikakaa tena juu ya saruji ya baridi. Nilibisha mlango wa kwanza, nikasikia sauti ya televisheni ikipunguzwa, kisha kimya. Kwenye mlango wa pili mtu alichungulia kwenye tundu na kuondoka. Kwetu Ujiji mtu akipiga hodi usiku kwa sauti ya shida, nyumba tatu huamka, na kule nililia kama mtoto. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kituruki aliyekuwa akirudi kutoka kazini. Alinivika koti lake, akaniingiza kwake, akanipa chai, akampigia simu fundi wa kufuli. Fundi aliusukuma ulimi wa kitasa kwa kipande cha plastiki, mlango ukafunguka mara moja, akadai zaidi ya euro 300 kwa kuwa ni usiku tena Jumapili. Hiyo ilikuwa fedha yangu ya chakula.

Binti Isevya
Pole sana, kaka. Nimeisoma mara mbili.

Mtu wa Mwanga
Pole, ndugu yangu. Nami niliishi huko na mlango wa namna hiyo. Nakala ya ufunguo ikae kwa mwenzake anayemwamini.

Mnyamwezi wa Cheyo
Asimpe mtu yeyote. Ukipotea, huenda akalipishwa kufuli za jengo zima. Auvae shingoni kama hirizi, hata akienda kuoga.

Mtoto wa Ujiji
Mimi namwachia yule mama hadi leo. Na fundi akiitwa, ataje bei yote kwenye simu kabla hajatoka kwake.

Mama Gungu
Naomba kuuliza, kwa kuwa mwanangu naye anaondoka Septemba: abebe mawese, au yanapatikana huko?

Mvuvi wa Kibirizi
Abebe, mama.

Mtu wa Mwanga
Yanapatikana katika maduka ya Waafrika, ingawa mengi hutoka Afrika Magharibi na ladha yake si ya kwetu. Akibeba, ayafunge katika mifuko miwili na kuyaweka katikati ya nguo asizozipenda. Chakula cha Jumapili akinunue Jumamosi, maana Jumapili karibu maduka yote hufungwa.

Mama Gungu
Ahsante, wanangu. Nitamfungia lita moja.