Naomba ushauri: kompyuta ya mezani au mpakato kwa matumizi ya nyumbani?

Chaki Nyeupe:
Wanajamvi, nawasalimu. Nina shilingi 650,000 na ninataka kununua kompyuta ya kutumia nyumbani, lakini kila nikiamka nakuta nimebadili mawazo niliyolala nayo. Kazi zenyewe si nzito: mimi ni mwalimu, kwa hiyo nitatunga mitihani na kuandika maandalio ya masomo, mama watoto atatunza hesabu za kikoba chao, na watoto watajifunza kuchapa. Ya mezani ina monita kubwa na vipuri vyake havisumbui, ilhali mpakato ni nyepesi na kila ninayemuuliza anaisifia. Naombeni mawazo yenu mapema, kabla muuzaji hajanichoka. Nawasilisha.

Mzee wa Gahawa:
Mwalimu, swali lako si la kompyuta, ni la malezi. Nunua ya mezani, iweke sebuleni, na monita itazame mlangoni ili kila anayeingia aone mtoto anaangalia nini. Mpakato huanzia sebuleni, kesho yake iko chumbani, na keshokutwa iko chini ya shuka. Hayo mengine ya kitaalamu watakueleza vijana.

Binti Mkunazini:
Mimi nina mpakato niliyoletewa na kaka yangu kutoka Maskati. Plagi yake ilikuwa ya pini tatu kama zetu, kwa hiyo hatukuhangaika na adapta, lakini kibodi ina herufi za Kiarabu pembeni ya zile za Kilatini, na watoto walipoibonyeza hovyo lugha ikabadilika, tukashinda siku nzima tukiandika kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyefurahi ni bibi yetu, ambaye alisoma chuo cha Kurani tu na shule hakwenda. Alikaa mbele ya ile mashine akaandika jina lake bila kuelekezwa na mtu. Kwa hiyo mimi nasema mpakato.

Fundi Nyaya:
Mleta mada, taja prosesa ni ya kizazi cha ngapi, diski ni ya SSD, yaani ile ya kasi isiyozunguka, au ni ile ya kuzunguka, na umeme wa kwako ukoje. Halafu nifafanulie huyo muuzaji anakuchoka kwa lipi, ikiwa bado hujachagua?

Chaki Nyeupe:
Ahsante, Fundi. Kusema kweli nimeshatanguliza arubuni ya shilingi 200,000 kwa kompyuta ya mezani: prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 4, RAM ya GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500 na monita ya inchi 24. Arubuni si ununuzi, ndiyo maana nimeuliza. Ila niseme wazi kwamba nina sababu yangu. Mpakato tuliyokuwa nayo mwanzo iliazimwa na shemeji kwa ajili ya kuandika barua ya kazi, ikarudi bawaba imevunjika na kioo kinaning'inia kwa waya, na kazi yenyewe hakupata. CPU, yaani lile kasha la kompyuta, na monita ya inchi 24 hakuna shemeji atakayevibeba kwenye bodaboda.

Kijiti Kavu:
Tatizo hapa si kompyuta, ni shemeji. Huyo hana toleo jipya.

Fundi Nyaya:
Hoja ya kutobebeka naikubali. Hata hivyo, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za Intel za kizazi cha 4 hazimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11, ambayo kwa kawaida huanzia kizazi cha 8. Mashine haitakufa, na kuna wanaoilazimisha ipokee Windows 11, lakini usiilipie bei ya kitu kitakachopata masasisho ya usalama kwa kawaida. Ukiichukua, weka walau SSD, kwa sababu ile diski ya kuzunguka ndiyo itakayokufanya udhani kompyuta nzima ni mbovu. Swali la umeme umeliruka.

Chaki Nyeupe:
Sikuliruka, nililiona halina uzito. Nguzo za REA, wale wa umeme vijijini, zimefika kijijini, ila kitongoji chetu kiko ng'ambo ya korongo na tumeambiwa tusubiri. Kwa sasa natumia sola: paneli ya wati 150, betri moja ya N100 ya maji, na inveta ya wati 300. Taa zinawaka, televisheni inawaka, na simu za jirani zinachajiwa hapa. Kama inveta inabeba wati 300, sioni kwa nini ishindwe na kompyuta.

Fundi Nyaya:
Mwalimu, hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza.

Wati 300 ni uwezo wa inveta kubeba mzigo kwa wakati mmoja, na hazikuambii betri itadumu kwa muda gani. N100, yaani ya ampea-saa 100, ya volti 12 ikijaa ina takriban wati-saa 1,200, lakini betri ya maji ukiishusha mara kwa mara chini ya nusu unaiua, kwa hiyo zako halali ni 600 hivi. CPU ya umri huo kwa kazi nyepesi hula wati 50 hadi 80, monita ya inchi 24 hula 20 hadi 25, na inveta nayo hukata ushuru wake. Tuseme wati 105 zinatoka kwenye betri. Ukitunga mtihani kwa saa tatu usiku, umemaliza zaidi ya nusu ya akiba yako kabla ya taa, televisheni na simu za majirani. Mpakato kwa kazi hiyo hiyo hula wati 15 hadi 30, na uzuri wake mkubwa ni kwamba unaichaji saa sita mchana, wakati jua linamwagika na betri imeshajaa, halafu usiku unatumia betri ya mpakato yenyewe bila kuwasha inveta. Ukiipata iliyotumika, ichomoe chaja dukani na uandike amri ya powercfg /batteryreport. Itakuonyesha betri ilitengenezwa na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani.

Chaki Nyeupe:
Hesabu nimezielewa, nami hufundisha hesabu. Lakini nitatumia zaidi Jumamosi mchana, na televisheni inaweza kuzimwa.

Mama Kikoba:
Televisheni itazimwa na nani, saa mbili usiku?

Punje Moja:
Ndugu zangu, mimi nanusa chai, yaani hadithi ya kutunga. Mtu kaja na "matumizi ya nyumbani", akabanwa ikatokea arubuni, akabanwa tena ikatokea sola, na kila anapobanwa hadithi inazidi kuwa tamu. Mwalimu wa hesabu hajui kuzidisha volti kwa ampea? Hili ni tangazo la duka. Subirini, itatajwa namba ya simu.

Chaki Nyeupe:
Duka sijalitaja na sitalitaja. Kuhusu hadithi, kontrola ya sola iliyo ukutani inaonyesha volti 12.1 wakati huu ninapoandika, mtaa umeshalala, na inveta imeanza kulia kama kifaranga kilichoachwa na mama yake. Jana ilikuwa hivyo hivyo.

Fundi Nyaya:
Punje Moja, betri ya maji ikisoma 12.1 ikiwa imetulia, imebaki nusu; ikiwa na mzigo kama yake, inasoma pungufu kidogo ya hali yake halisi. Mtunga chai angeandika 12 kavu, au 14 ili betri yake ionekane ina nguvu. Namwamini. Na Mwalimu, umejijibu mwenyewe: betri inafika nusu kila usiku hata kabla hujaleta kompyuta.

Punje Moja:
Basi anauza sola.

Mzee wa Gahawa:
Auze asiuze, bado nasema sebuleni.

Fundi Nyaya:
Ipo njia ya katikati. Mwombe muuzaji abadilishe ile CPU kwa kompyuta ndogo ya mezani, zile za kisanduku zinazotumia adapta ya nje kama ya mpakato, ya kizazi cha 8 na yenye SSD. Kwa kazi zako itakula wati 15 hadi 25, na monita unabaki na hiyo hiyo. Kisanduku hufungwa mgongoni mwa monita kwa skurubu nne, hivyo shemeji atalazimika kuja na bisibisi. Hasara yake ni kwamba haina betri: inveta ikizimika ghafla, ambacho hukukihifadhi kimekwenda.

Chaki Nyeupe:
Nimempigia. Arubuni harudishi, ila kubadilisha amekubali kwa nyongeza ya shilingi 80,000, ambayo bado iko ndani ya bajeti yangu. Monita ya inchi 24 sitaiacha. Macho ni yangu. Mitihani nitaitunga mchana.

Fundi Nyaya:
Sawa. Usiongeze hata senti kabla hujaiona ikiwaka mbele yako, na hakikisha adapta inayokuja nayo ni yake. Nyingi hutaka wati 65. Wakikupa ndogo kuliko inayotakiwa, itawaka lakini itafanya kazi polepole.

Punje Moja:
Msimamo wangu kuhusu chai uko pale pale. Ila hicho kisanduku cha nyuma ya monita, pamoja na hiyo nyongeza, jumla kimefika shilingi ngapi?